Bwana Kanzu Haliwi

Mdogo wangu Gaudiosa aliandika kitabu, na kitabu hicho kikawafanya watoto wa Buhembe wagome kula senene, wale wadudu wa kijani wa msimu ambao kwetu ni kitoweo cha heshima. Mimi, Dativa, ndiye ninayekaanga senene sokoni Bukoba, huu mwaka wa kumi na nane. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuumizwa na kalamu ya mdogo wangu nilikuwa mimi, dada yake niliyembeba mgongoni. Hata hivyo kila mteja akikaa kwenye benchi langu, kabla hajaulizia senene wa leo ni laini au wakavu, ameshaambiwa kwamba yule mwalimu mwandishi ni mdogo wangu na kwamba tumenyonya ziwa moja. Asiyetaka kusikia akanunue kwa jirani.

Tulizaliwa Ngenge, huko Muleba, mzee wetu Rutaihwa akiwa na kahawa, migomba na mbuzi watano. Gaudi alianza kutusumbua mapema. Kila kuku aliyetotolewa pale nyumbani alipewa jina, na akishapewa jina alikuwa na tabia, na akishakuwa na tabia alikuwa na hadithi. Ikifika Krismasi mama akitaka kuchinja, Gaudi analala juu ya tenga na kulia mpaka majirani wanakuja kuuliza nani amefariki. Baba alivumilia Krismasi tatu. Ya nne akatoa amri mbele ya familia nzima kwamba ni marufuku kuku yeyote wa nyumba ile kuitwa jina. Gaudi akatii, akahamia kwa mbuzi.

Wenzake walipokua waliacha mambo hayo, yeye akaenda nayo chuo cha ualimu. Alipopangiwa shule ya msingi huku Buhembe, akahamia kwangu, akapewa Darasa la Tatu, na hajalitoa mikononi mpaka leo. Wengine wanapanda vyeo, wanakwenda ofisi za elimu, wanapata viti vinavyozunguka. Yeye ukimuuliza anakwambia watoto wa miaka tisa ndio pekee wanaosikiliza hadithi kwa mwili mzima. Nilishamwambia hiyo si sababu ya mtu mzima kukataa cheo. Akaendelea kusahihisha madaftari.

Shuleni kwake kulikuwa na rafu moja ya vitabu vya hadithi, vya msaada, vimechoka. Alivisoma kila Ijumaa baada ya mapumziko, akiwatafsiria vile vya Kiingereza palepale. Vilikuwa vitabu vya maajabu: mtoto ana farasi anayeruka, mtoto ana mbwa mwitu anayeongea, mtoto ana joka linalotema moto lakini lina adabu. Gaudi akagundua jambo, akaja kuniambia nikiwa nachambua mchele. "Dada, mfalme akifa hawaulizi kitu. Jumba likiungua hawaulizi. Ila farasi akikosekana kurasa mbili tu, mikono juu: Mwalimu, farasi wake yuko wapi? Amekula? Analala nje?"

Nikamwambia watoto wanapenda wanyama, hilo nalo la kwenda kusomea?

"Si kupenda tu," akasema. "Mtoto kila mtu anamtuma. Mama anamtuma, baba anamtuma, dada anamtuma. Kwenye hadithi mnyama ndiye pekee asiyemtuma. Na ndiye pekee ambaye mtoto anamtunza yeye, badala ya kutunzwa. Akiwa na mnyama wake, yeye ndiye mkubwa." Kisha akachukua ndoo kwenda kuchota maji, maana nilikuwa nimeshamtuma.

Basi, mwaka juzi akaja Sabina. Baba yake, Mayunga, ni mvuvi wa dagaa kisiwani Bumbire, mtu wa kutoka mbali aliyefuata ziwa kama wavuvi wengi wa kule. Mtoto aliletwa kukaa kwa shangazi yake hapa Buhembe, mama mmoja anayeuza dagaa, ili asome kwa utulivu. Msichana mwembamba, msafi, mwenye sauti ambayo lazima uiinamie. Alikuja katikati ya muhula, wenzake wakiwa wameshajipanga nani ni rafiki wa nani.

Wiki hiyohiyo wakawa kwenye somo la familia na ukoo. Kwetu sisi Wahaya, ukimtajia mtu ukoo wako, unamtajia na muziro. Muziro ni kile ambacho ukoo wenu hauli wala kukidhuru, awe mnyama, ndege, samaki, au hata aina ya chakula, na unaupata kwa baba yako kama unavyopata jina lake. Mtoto wa Kihaya anaweza kusahau tarehe ya kuzaliwa, muziro wake hausahau. Darasa zima likasimama mmoja mmoja, kila mtu akitaja wake kwa kujidai, wengine wakibishana wa nani una nguvu zaidi. Ikafika zamu ya Sabina. Mtoto akasimama, akafikiri, akajibu kwa adabu kabisa: "Sisi bado hatujagawiwa."

Alidhani miziro inagawiwa, kama vitabu vya serikali. Darasa likaangua kicheko kile cha watoto kisichojua kinamkata nani. Tangu siku hiyo mapumziko wakawa wanamwita "Bado Hatujagawiwa". Gaudi aliwakemea wakaacha kulisema mbele yake, wakaendelea kulisema nyuma ya vyoo. Jioni ile alimenya ndizi huku machozi yanadondokea kwenye sufuria. Mimi nikamwambia chumvi imetosha. Hakucheka, na mimi nikaona aibu.

Ndipo akaanza kuandika. Alinunua daftari la kurasa mia mbili, akajifungia Jumamosi na Jumapili alasiri kwa miezi miwili, akitoka kwenda misa tu. Ilipofika Septemba akaanza kuwasomea.

Hadithi yenyewe ni hii. Kuna msichana wa kisiwani, hatajwi jina, anaitwa tu Binti wa Taa, kwa sababu baba yake anavua dagaa kwa taa. Siku moja senene mmoja anavuka ziwa na kutua kwenye taa ile, amechoka, bawa moja limechanika. Binti anamfunika kwa kiganja asiungue. Senene anamwambia, "Asante. Naitwa Bwana Kanzu," maana amevaa yale mabawa marefu ya kijani mpaka miguuni kama muumini anayekwenda kuswali. Kuanzia hapo hawaachani. Binti akiwa na furaha, Bwana Kanzu ni wa kutosha kwenye kifungo cha shati. Binti akiogopa, Bwana Kanzu anakua: anakuwa kama kuku, kama mbuzi, kama mtumbwi, mpaka anamkalisha mgongoni na kuruka naye juu ya mawimbi kwenda kutafuta nchi ambayo baba yake alisema ipo nyuma ya jua. Na kwa kuwa senene masikio yake yako miguuni, jambo ambalo Gaudi alilisoma kwenye kitabu cha sayansi na ni kweli, ukitaka kumwambia Bwana Kanzu siri lazima uinamie goti lake.

Nilimuuliza kwa nini asiweke simba, mnyama mwenye heshima zake. Akanitazama kwa huruma. "Mtoto mwenye simba anaogopa nini, dada? Hadithi inaisha ukurasa wa pili. Mnyama wa hadithi anatakiwa awe mdogo kuliko hofu ya mtoto, halafu wakue pamoja." Nikamwambia haya, mwandishi, njoo ule.

Septemba na Oktoba mambo yalikuwa matamu. Watoto walikuwa wakionekana njiani wanainama na kunong'onezana magotini. Sabina, ambaye anajua taa za dagaa na mawimbi ya Bumbire kuliko mwalimu mwenyewe, aliombwa aeleze mtumbwi unavyolalia upande, na upepo unapoanza unasikikaje. Alieleza kwa ile sauti yake na darasa likasogea karibu. Kisha siku moja, mapumziko, mtoto mmoja mpya wa darasa jingine akamuuliza muziro wake nini. Sabina akasema, "Senene." Wenzake hawakucheka. Joyness, ambaye ndiye kinara wa darasa, akasema, "Ni kweli. Na mimi nimeongeza, wangu sasa ni miwili."

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na Gaudi hakuliona. Katika wiki mbili Darasa la Tatu lote likawa limejiongezea muziro.

Novemba senene wakaja. Wasiotoka kwetu hawajui maana ya sentensi hiyo. Wakija, mji mzima unanukia, kila nyumba ina sinia, kila mtu ananyonyoa mabawa na miguu, na hata wenye ugomvi wanapelekeana vibakuli. Nyumbani kwa Mzee Karugendo, mjumbe wa kamati ya shule na babu yake Joyness, mama wa mtoto alikaa na sinia akaanza kunyonyoa. Joyness akatoka chumbani, akaona, akapiga yowe lililosikika barabarani: "Mama, usimvue kanzu yake!"

Akaligeuza sinia. Senene walio hai wakaruka wakaenda zao. Babu yake akamuuliza amerogwa? Mtoto akasimama wima na kusema, "Senene ni muziro wangu. Nimepewa na Mwalimu Gaudiosa."

Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ukaingia ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Mzee Karugendo haandiki, anasema. Alisema amezaliwa, amekua, amezika wazazi wake, hajawahi kusikia muziro unatolewa na serikali. Muziro ni wa baba. Mwalimu anayewapa watoto wa watu muziro anataka kuwa baba wa wangapi? Kufika jioni nyumba kumi na saba zilikuwa zimesimulia kisa kilekile: watoto wamegoma, mmoja amewazika senene wa kukaangwa kwenye shamba la kahawa, na msalaba juu. Mwalimu Mkuu Apolinary, mtu mwema asiyependa kelele, akaitisha kikao Alhamisi saa tisa.

Gaudi aliniomba nimsindikize. Nilikwenda, lakini niseme ukweli wangu: moyoni nilikuwa upande wa Karugendo. Siku tatu nilikuwa nimekaa na beseni limejaa, akina mama wanapita wanavuta watoto wanaonitazama kama jambazi. Njiani nikamwambia, "Gaudi, mgeuze awe panzi tu. Panzi haliwi na mtu, nani atalalamika?" Akasema, "Dada, panzi hakuvuka ziwa."

Kikao kilikuwa kwenye darasa lake mwenyewe, wazazi wazima wamekalia madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mzee Karugendo alikuwa mbele, koti jeusi, fimbo mapajani.

"Wasibota, waitu," Gaudi akamsalimu kwa Kihaya.

"Sikuja kusalimiana, Mwalimu. Nimekuja kuuliza ukoo wangu umeongezewa muziro na kikao gani."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Mwalimu Mkuu akaleta suluhu yake aliyokuwa amekuja nayo: Mwalimu Gaudiosa ana kipaji, wote tunajivunia, basi afute tu senene aweke njiwa. Njiwa ni ndege wa amani. Kitabu kitaendelea, na watoto watarudi mezani. Wasipokubaliana, kitabu kikae kabatini. Wazazi wakanong'ona kwamba njiwa ni sawa. Mimi pia nikaitikia kwa kichwa, Mungu anisamehe.

Gaudi akasimama. Ninamjua mdogo wangu, akikasirika masikio yanasogea. "Mzee wangu," akasema, "umesema kweli kuhusu kosa langu. Mimi siwezi kumpa Joyness muziro, anao wa baba yake, na nilipaswa kuwaambia hivyo tangu siku ya kwanza. Hilo nimekosa na nawaomba radhi wazazi wote. Lakini bibi yangu mzaa baba alikamata senene, akawanyonyoa, akawakaanga miaka sitini, na hakuwahi kuonja hata mmoja, kwa sababu wanawake walikatazwa. Wanawake wa nchi hii walikaa bila senene vizazi vyote hivyo na hakuna aliyeitisha kikao."

Akina mama wakaitikia kwa sauti ambayo sitaisahau. Mzee Karugendo akakohoa.

"Kuhusu kufuta," Gaudi akaendelea, "senene huyu si wa kwangu tena. Nilimwandika kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekuja kwetu akaambiwa hana kitu. Mkitaka afutwe, sawa. Mwiteni mumnyang'anye wenyewe. Mimi sina mkono huo."

Mwalimu Mkuu akatazama dari, lakini Karugendo akasema aitwe. Sabina alikuwa nje na wenzake, wamejibanza dirishani. Akaingia akasimama mbele ya watu wazima thelathini, sare imefuliwa mpaka imepauka, na mimi nikaona kwamba chochote watakachosema pale ndicho atakachorudi nacho kwa shangazi yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Sabina Mayunga, wa Bumbire."

"Muziro wako ni nini, Sabina?"

Mtoto akamtazama Gaudi. Gaudi hakumsaidia. Baadaye aliniambia hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya kama mwalimu.

"Senene," Sabina akasema.

"Aliyekupa nani?"

"Nilimwokota mwenyewe. Kwenye hadithi."

"Hm. Na ukiwaona wenzako wanakula senene, unapindua masinia yao?"

"Hapana, babu. Mwenye muziro hagombani na sahani ya mtu. Anasogea pembeni mpaka wamalize. Na wenyewe wakimwona, wanafunika." Akaonyesha dirishani. "Joyness alinifundisha. Amesema ndivyo mnavyofanya kwenu."

Mzee Karugendo akazungusha fimbo. Ilikuwa sheria ya nyumba yake mwenyewe, ameletewa na mtoto wa mvuvi, haikukosewa hata neno. Kisha akageuka akatutazama sisi wengine kana kwamba sisi ndio tuliopotosha mambo.

"Huyu anaujua muziro kuliko mjukuu wangu," akasema. "Joyness! Njoo hapa, nakuona dirishani. Wewe muziro wako ni mmoja, wa baba yako, na kesho unakula senene, tena unanyonyoa mwenyewe. Nyote mlioko dirishani vilevile. Muziro hauongezwi kama mboga." Akanyoosha fimbo kwa Sabina, taratibu. "Lakini huyu alikuwa hana. Sasa anao. Mwalimu, njiwa wake mrudishie Mwalimu Mkuu. Na andika mwishoni mwa kitabu kwamba Bwana Kanzu ni wa mtoto mmoja tu, ili wengine wasitufilisi chakula."

Gaudi aliandika. Ukurasa huo wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote: Binti wa Taa anawaambia watoto wa nchi kavu kwamba kila mtu ana wake, na asiye naye angoje kwenye mwanga, atakuja. Kitabu kimepigwa fotokopi mara nyingi hata michoro imekuwa myeusi. Kimefika Muleba mjini, kimefika mpaka Ngenge, na mwalimu mmoja wa huko amemwandikia Gaudi kwamba watoto wake wanataka kujua Bwana Kanzu analala wapi. Baba yetu, ambaye sasa ni mzee sana, anasomewa na wajukuu. Nasikia alisema tu kwamba hakuna ajabu, yule mtoto alishindikana tangu enzi za kuku.

Kuhusu Sabina, hakuna anayemwita Bado Hatujagawiwa. Jina hilo limekufa bila mazishi. Yuko Darasa la Tano, bado sauti yake lazima uiinamie, na watu wanainama.

Msimu uliopita, Jumamosi moja asubuhi, Mzee Karugendo alikuja kwenye benchi langu kama kawaida yake. Nikampimia senene wa moto, akafungua karatasi, akaanza. Alikuwa ametia mdomoni kama sita hivi Sabina alipotokea kona ya chini, beseni la dagaa la shangazi yake kichwani. Mzee akaacha kutafuna. Akakunja karatasi haraka, akaisukumiza ndani ya mfuko wa koti, mafuta na yote, koti lile jeusi la misa na vikao. Mtoto akafika, akatua beseni, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo babu."

Karugendo hakuweza kufungua mdomo. Akainua mkono, mashavu yamejaa, macho yanatoka machozi kwa kujizuia. Sabina akamtazama, akanitazama mimi, akajitwisha beseni lake akaenda zake, mgongo umenyooka kama binti wa ukoo mkubwa. Mzee akasubiri mpaka alipopinda kona ya juu ndipo akameza.

"Usicheke, Dativa," akaniambia. "Yule ana muziro wake."

Sikuwa nacheka. Nilikuwa nimeshafunika kikaango.